Uso wa Ungo

Neno la kwanza nililolisikia nilipotoka kwenye kituo cha treni cha Minoo lilikuwa "shikamoo". Ilikuwa Jumapili, tarehe 26 Novemba 2006, saa tatu na nusu asubuhi, na baridi ilikuwa imenikaza vidole. Niligeuka nikidhani kuna Mtanzania mwenzangu nyuma yangu. Nikawaona vijana wanne wa Kijapani, mabinti watatu na mvulana mmoja, skafu shingoni na mikoba mgongoni, wananitazama kama wanafunzi wanaosubiri matokeo. Nikaitikia, "Marahaba, hamjambo?" Wakajibu kwa sauti moja, "Hatujambo, kaka!" Machozi yakanilengalenga. Nilikuwa na miezi mitatu tangu niondoke Tanga, na miezi yote hiyo Kiswahili nilikiongea kwenye simu tu, tena kwa dakika za kuhesabu.

Ofisi yangu ilikuwa imenipeleka Osaka kusomea usafishaji wa maji ya kunywa. Siku za kazi nilizimaliza kati ya matangi na maabara, jioni nikarudi kwenye chumba kilichotazama ukuta wa ghorofa jingine. Vijana wale walikuwa wanasomea Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Osaka, na majengo ya chuo chao yalikuwa juu ya vilima vya mji huohuo wa Minoo, kaskazini mwa jiji. Waliposikia kuna mtu wa Tanga yuko karibu, walinitumia ujumbe ambao nimeutunza hadi leo: "Karibu tukuonyeshe mlima wetu. Wewe utatuletea maneno."

Safari yenyewe haikufika hata saa nzima. Nilipanda treni katikati ya jiji, pale Umeda, treni ya rangi ya damu ya mzee inayong'aa kama imepakwa mafuta. Nikashuka Ishibashi, nikaingia treni nyingine ya njia fupi ya kilomita nne tu ambayo mwisho wake ni mlimani. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 1910. Kobayashi Ichizo, aliyeiendesha kampuni ya reli, alielewa kwamba watu wa jiji wakipewa mahali pa kupumzikia watapanda treni, na mwaka huohuo kampuni ikafungua bustani ya wanyama huko Minoo. Bustani ile ilifungwa mwaka 1916. Msitu ukabaki, na watu wakaendelea kuja kwa ajili ya msitu.

Nilipotoka kituoni nilitafuta lango. Nilizoea kwamba hifadhi ina lango, na lango lina mtu wa kukata tiketi. Hapakuwa na lango wala tiketi. Barabara ya maduka ilipanda taratibu, nyumba zikapungua, mto mdogo ukajitokeza kando, na kabla sijajua tumevuka mpaka gani tulikuwa tumeshaingia chini ya miti. Walikuwepo vikongwe wenye fimbo, kina mama wenye watoto mgongoni, na darasa zima la watoto wa chekechea waliovaa kofia za rangi moja, wameshikana mikono wawiliwawili. Kila tuliyepishana naye alitusalimu. Kule jijini hakuna anayemsalimu asiyemjua. Mlimani kila mtu hutoa salamu, na nikaambiwa kwamba ndiyo desturi yao.

Harufu ya mafuta ya moto ilitupokea penye maduka ya mwisho. Mama mmoja alikuwa amekaa mbele ya karai anakaanga majani ya mti. Nilisimama nikamwangalia. Majani hayo ni ya momiji, mti ambao jani lake lina ncha kama vidole vya mkono wa mtoto mchanga. Huokotwa au kuchumwa yakishageuka manjano, yakapangwa kwenye pipa la chumvi, yakakaa humo mwaka mzima au zaidi. Siku ya kukaangwa hutolewa chumvi kwa maji, kila jani likachovywa kwenye unga wa ngano uliokorogwa na sukari na ufuta, likatumbukizwa mafutani. Mama yule hakuwa na haraka. Aliligeuza kila jani kwa vijiti virefu, akalinyoosha ncha moja moja ili umbo lisipotee, kisha akaliegemeza pembeni lichuje mafuta. Nilipotafuna, nilikumbuka visheti vya Idi: utamu, ukavu na ufuta. Jani lenyewe halina ladha ya kutajika. Wanalikaanga kwa sababu ya umbo lake, na kwa sababu wahenga wao walilikaanga. Simulizi za hapo zinasema mwanzo wake ni watawa wa mlimani, yapata miaka 1,300 iliyopita.

Mvulana, aliyekuwa mwaka wa pili, alitazama juu akasema, "Kaka, leo ni siku nzuri ya vuli." Nikacheka kwa furaha, kisha nikamweleza kwamba kwetu ukisema vuli, mtu anatafuta mwavuli. Vuli ni mvua za mwisho wa mwaka, ni wakati wa jembe na tope. Kamusi yake ilikuwa imeandika vuli kwa maana ya majira ya kwao ya majani kupukutika, nayo haikukosea sana, maana miezi ni ileile. Lakini alichokuwa akikiona kule juu hakina jina kwetu. Mlima mzima ulikuwa umegeuka rangi. Palikuwa na wekundu wa pilipili iliyoiva, na manjano ya embe dodo. Palikuwa na miti ambayo upande wa jua ulikuwa mwekundu na upande wa kivuli bado kijani. Wajapani wana neno moja, momiji, kwa mti na pia kwa kugeuka huko kwa majani. Binti mmoja alitoa daftari akaniuliza tuiteje kwa Kiswahili. Tulijadiliana hadi daraja la kwanza, tukakubaliana kuandika "majani kuiva". Nadhani tulipatia.

Binti huyo ndiye aliyeniletea kisa cha siku ile. Aliandika kila kitu. Alionyesha kunguru, kuvu, mwani wa kwenye mawe, akauliza, "Hiki mnakiitaje?" Mwanzoni nilijibu kwa raha kama tajiri anayegawa sadaka. Tulipita kwenye jumba la wadudu lililojengwa kando ya njia mwaka 1953, kwa kuwa mlima ule unajulikana Japani nzima kwa wingi wa wadudu wake. Ndani nilimwona mtoto wa miaka kama sita akimtajia baba yake majina ya mbawakawa, mmoja baada ya mwingine, bila kusoma kibao. Binti akaniuliza, "Mbawakawa ni jina la wote? Au kila mmoja ana jina lake?" Nikamwambia ni la wote. Akaandika. Nikahisi mfuko wa sadaka umeanza kupungua.

Kima walitukuta mbele kidogo. Ni wale kima wa Japani wenye uso mwekundu, mkia mfupi kama kidole gumba na manyoya mazito ya kijivu. Wamekuwa wakiishi Minoo tangu kale, na mwaka 1956 makazi yao yalitangazwa kuwa urithi wa asili wa taifa. Mmoja alishuka mtini bila kelele, akamnyang'anya mtoto mfuko wa momiji, akakaa juu ya ukuta kuupasua. Mtoto alilia, watu wazima wakapiga picha, na mwanamke mmoja akarusha biskuti ili wengine nao waje. Binti wa daftari alikunja uso. "Hiyo si huruma," alisema. "Wakizoea mikono yetu wataacha msitu." Miaka michache baadaye mji ule ulikuja kusema hivyohivyo kwa sheria: tangu 2010 anayewalisha kima wa Minoo anaweza kutozwa faini hadi yeni 10,000.

Tulipofika hekalu la Ryuanji, lenye daraja jekundu juu ya mto, tuliketi kupumzika. Hekalu hilo husimuliwa kuwa lilianzishwa mwaka 650 na En no Gyoja, mtawa wa milimani. Wajapani wengi wanalijua kwa jambo jingine pia: inaaminika kwamba bahati nasibu ya nchi yao ilianzia hapo. Zamani waumini waliandika majina yao kwenye vibao vya mbao, vibao vikatiwa kwenye sanduku kubwa, kisha mtawa akachoma ndani kwa chuma chenye ncha. Ambaye kibao chake kilichomwa alipewa hirizi ya baraka, hakupewa fedha. Niliipenda hadithi ile. Mtu alipanda mlima mzima ili jina lake tu liwemo.

Hapo ndipo alipokuja mzee mmoja, mwembamba, kofia ya sufu kichwani, viatu vyake vimelika visigino. Vijana walimsalimu kwa kuinama. Akasema anapanda hadi kwenye maporomoko kila siku ya Mungu tangu alipostaafu, mvua ikinyesha asiache. Alinitazama kwa udadisi wa kiungwana, kisha akaokota jani bichi lililoanguka karibu na miguu yetu, akalivunja, akanipa ninuse.

Ilikuwa kafuri. Nilishtuka. Kwetu harufu ile ni ya maiti aliyeoshwa na kukafiniwa. Mara ya mwisho kuinusa ilikuwa siku tuliyomzika bibi yangu. Mzee aliona uso wangu ukibadilika. Binti akanitafsiria: mti ule unaitwa kusunoki, na kafuri ya zamani ilipikwa kutoka kwenye mbao zake. Nikamweleza kuhusu bibi. Mzee akainamisha kichwa, akakaa kimya kwa muda wa heshima. Kisha akauliza.

"Babu anauliza, kwenu kuna milima?"

"Ipo. Nimezaliwa mlimani, Lushoto, Usambara."

"Ina msitu?"

"Mkubwa. Miti yake ni mirefu kuliko hii."

"Babu anauliza, miti gani?"

Nikafungua mdomo. Nikataja mwembe, ambao si wa msituni. Nikataja mvule, kwa sababu mlango wa nyumbani kwetu ulikuwa wa mvule. Nikataja mkuyu, kwa sababu upo kwenye hadithi. Binti alisubiri na kalamu yake. Mzee alisubiri na fimbo yake. Nilizaliwa mwendo wa saa moja kutoka msitu wa Magamba. Nilikwenda kuokota kuni ukingoni mwake mpaka nilipomaliza darasa la saba. Kazi iliyonilisha ilikuwa ya maji, na wakazi wa jiji la Tanga wanakunywa maji ya mto Zigi unaotoka kwenye misitu ya Usambara Mashariki. Nilijua kupima tope lililo ndani ya maji hayo baada ya mvua kubwa. Sikujua jina la mti hata mmoja kati ya ile inayolizuia tope hilo lisiingie.

Mzee hakunicheka. Alisema neno fupi, binti akalitafsiri polepole akichagua maneno: "Babu anasema, basi ukirudi, waulize wakubwa, mapema." Akasimama, akainama, akaendelea na safari yake.

Tukapanda. Njia ilibanwa kati ya mto na ukuta wa mawe, tukapita chini ya mwamba mkubwa unaoitwa Tojin Modori, yaani mahali aliporudia mgeni wa China. Wanasimulia kwamba mheshimiwa mmoja kutoka China alikuja kwa sifa za maporomoko, akaona njia ilivyo ya kutisha, akageuzia hapo. Sasa njia imesakafiwa, mtoto wa chekechea anaimudu. Kutoka kituoni hadi mwisho ni karibu kilomita tatu, dakika 40 kwa mtu asiyesimama. Sisi tulitumia zaidi ya saa mbili.

Maporomoko ya Minoo yana urefu wa mita 33. Unayasikia kabla hujayaona, halafu kona ya mwisho inafunguka na baridi ya maji inakupiga usoni. Tulisimama kwenye daraja dogo. Binti akaandika jina la Minoo kwenye daftari lake kwa herufi mbili za Kijapani, akaniwekea kidole kwenye ya kwanza. "Hii ni kifaa cha kupepetea nafaka," alisema, akaigiza kwa mikono, akirusha juu na kudaka. "Kwa Kiswahili?"

"Ungo," nilisema. "Ungo!"

"Na hii ya pili ni uso. Wanasema maji yanavyoanguka yanafanana na ungo. Minoo ni uso wa ungo."

Nikatazama juu upya. Maji yalitoka kwenye mdomo wa mwamba, yakagonga jiwe, yakapanuka, yakameremeta chini kama mpunga unaotiririka kutoka kwenye ungo uliolegezwa upande mmoja. Bibi yangu alipepeta hivyohivyo, kibarazani, asubuhi, makapi yakipeperuka kwenye mwanga. Watu wa mlima ule walitazama maporomoko wakaona chombo cha jikoni mwao. Wakayaita kwa jina hilo, na jina hilo likawa la mto, la mji, la stesheni ya treni na la hifadhi. Mtu hawezi kusahau kirahisi kitu alichokiita kwa jina la chombo cha mama yake.

Hifadhi yenyewe, yenye eneo la hekta 963, ilitangazwa tarehe 11 Desemba 1967, katika kuadhimisha miaka 100 ya enzi ya Meiji. Siku hiyohiyo ilitangazwa pia hifadhi ya mlima Takao, jirani na Tokyo. Baadaye njia ya miguu ya takriban kilomita 1,700 ikaunganisha milima hiyo miwili, mmoja wa Tokyo na mmoja wa Osaka. Majiji mawili makubwa kuliko yote niliyowahi kuyaona, na kila moja limeweka msitu mahali ambapo bibi mwenye fimbo anaufikia kwa treni na kurudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana.

Nilirudi Tanga mwezi Machi 2007. Mwezi wa Aprili nilipata ruhusa ya siku nne, nikapanda Lushoto kwa mjomba wangu. Ujanani mjomba alikuwa mpasua mbao. Mgongo wake ulikuwa umepinda kwa msumeno wa watu wawili. Nilimwambia nataka anitajie miti ya Magamba. Alinitazama akauliza kama ninatafuta shamba. Nikasema natafuta majina. Kesho yake alfajiri tukaenda, polepole, akisimama kila hatua chache na kugusa magome kwa kiganja. "Huu mshai." Nikaandika. "Huu mkulo."

Mkulo ule ulikuwa mkubwa, watu wanne wasingeweza kuukumbatia. Pembeni palikuwa na kisiki cha mwenzake kilichoanza kuoza. Mjomba alichomoa kisu, akabanja kipande kidogo cha kisiki kutoka ndani kabisa, akakipulizia pumzi, akanipa. "Nusa."

Kafuri.

Nilikaa chini. Mjomba alidhani nimechoka. Nilipoteremka mjini nilimwendea bwana misitu, akanielezea kwamba mkulo na kusunoki ni miti ya ukoo mmoja, ndiyo maana inashirikiana harufu. Akaniandikia jina la kisayansi la mkulo kwenye daftari: Ocotea usambarensis. Wataalamu wa Kijerumani waliusajili mti ule kwa jina la milima yetu, kwa hiyo msomaji wa mimea popote duniani akiutaja, anataja kwetu. Mimi mtoto wa hapo nilikuwa na miaka 36 sijawahi kuutaja. Mjomba aliyeujua, aliujua kwa sababu aliukata. Alisema mwenyewe, tukiwa njiani kurudi, bila mtu kumuuliza: "Tuliipasua mingi. Hatukuwa na mtu wa kutuambia basi."

Siku tatu tulizobaki nazo tuliandika majina 41. Niliyatuma Osaka kwa barua, na binti wa daftari akajibu kwamba wameyasoma darasani kwa sauti. Mwaka uleule chuo chao kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Osaka, na mwaka 2021 kikahama kile kilima na kwenda sehemu nyingine ya mji. Septemba 2018 kimbunga Jebi kiliangusha miti mingi ya Minoo na sehemu ya njia ya maporomoko ikafungwa. Watu wakaondoa magogo, wakaitengeneza, wakarudi kupanda. Mjomba alifariki mwaka 2011. Tulipomtia kafuri nilikumbuka mara moja milima miwili.

Wewe unayesoma, bila shaka kuna mlima, kilima au kichaka karibu na ulipozaliwa, na kuna mzee mmoja anayeijua miti yake kwa majina. Nenda kamuulize mwezi huu, na uende na daftari. Mkulo wa mjomba bado umesimama Magamba, na wanangu watatu wanauita kwa jina lake.